Kwa nini vinamasi vya piti vinalindwa kwa sheria kali kiasi hiki?

Mdadisi wa Mazingira

Salaam kwenu wanajukwaa. Kwa muda sasa nimekuwa nikisoma kuhusu ardhioevu za dunia, na kila nikifika kwenye vinamasi vya piti, yaani vile ambavyo ardhi yake ni mabaki ya mimea yaliyorundikana majini kwa maelfu ya miaka pasipo kuoza, hukwama mahali palepale. Misitu naielewa: ina miti, ina wanyama, na mtu akiiona inakatwa huumia hata kama hajui sayansi yoyote. Mito na maziwa naielewa pia. Lakini kinamasi cha piti, kwa picha nilizoziona, ni uwanda uliolowa, wenye majani mafupi na madimbwi meusi, ambao kwa karne nyingi watu waliuhesabu kuwa ardhi mbovu inayongoja kukaushwa. Hata hivyo, sheria zinazouhifadhi ni kali kuliko nilivyotarajia. Nimesoma kwamba kwa baadhi ya hifadhi hairuhusiwi kuchimba mtaro hata nje ya mpaka, na kwamba mahali pengine wahifadhi wenyewe wamekata miti ili kukiokoa kinamasi, jambo ambalo kwangu lilikuwa sawa na kuambiwa kwamba jua limechomoza magharibi.

Naomba kueleweshwa. Ni nini hasa kinachoyafanya makazi haya kuwa adimu, ilhali maji na mimea iliyokufa vipo kila mahali? Kinacholindwa ni kipi: ni mimea, ni wanyama, ni udongo wenyewe, au ni kaboni inayotajwa kila siku? Na kama kinamasi kimekaushwa kwa makosa, kwa nini kisiachwe tu kijirudie chenyewe? Sitafuti majibu ya mkato. Mwenye nafasi ya kueleza kwa kirefu nitamshukuru sana.

Mpima Kina

Ndugu Mdadisi, umeuliza vizuri, na naomba uniwie radhi nikianza na mkono kabla ya kitabu. Nimeshiriki mara kadhaa katika kazi ya kupima kina cha piti. Chombo kinachotumika ni keekee ya mkono yenye chemba ya chuma ya urefu wa nusu mita; unaisukuma chini kwa uzito wa mwili, unaizungusha nusu mduara ili chemba ijifunge, kisha unaivuta juu polepole na kuilaza kwenye turubai. Kipande cha kwanza, kile cha karibu na uso, huwa na rangi ya majani makavu, na mmea mmoja mmoja bado unatambulika. Unachukua kiasi cha kujaza kiganja na kukikamua. Yakitoka maji maangavu, piti hiyo bado haijaoza; yakitoka maji ya kahawia na tope likapenya katikati ya vidole, imeoza sana. Kipimo hiki cha ngumi kina daraja 10, nacho ni cha mwanajiolojia wa Sweden, Lennart von Post, yuleyule ambaye mwaka 1916 aliwaonyesha wanasayansi wenzake jinsi chavua iliyohifadhiwa ndani ya piti inavyoweza kuhesabiwa tabaka kwa tabaka, hata ikajulikana ni miti gani iliyoota mahali fulani maelfu ya miaka iliyopita.

Kilichonigusa mimi zaidi kilikuwa kipande cha gome la mti kilichotoka kwenye kina cha karibu mita 4. Kilikuwa cheupe na kinang'aa, utadhani kilidondoka juma lililotangulia. Kwa kuwa piti hujirundika kwa wastani wa milimita 1 hivi kwa mwaka, gome lile lilikuwa limelala pale kwa miaka ipatayo 4,000. Tulichukua muda wa kuandika namba ya sampuli na kupiga picha. Tulipolitazama tena, lilikuwa limeshaanza kubadilika rangi. Miaka elfu nne lilitunzwa na maji, na dakika chache za hewa zilitosha kuanza kuliharibu.

Jibu la swali lako la kwanza limo humo. Mahali pengi mimea ikifa, bakteria na kuvu huimaliza upesi kwa msaada wa oksijeni, na kaboni iliyokuwa ndani yake hurudi hewani. Maji yaliyotuama hupitisha oksijeni kwa shida mno, kwa hiyo kazi ya kuozesha huzorota. Lakini kuwepo kwa maji hakutoshi. Ni lazima yawepo mwaka mzima, yasimame karibu kabisa na uso wa ardhi, na kila mwaka kiasi cha mimea inayokufa kizidi, japo kwa kidogo tu, kiasi kinachooza. Ziada hiyo ndogo ikiendelea bila kukatika kwa miaka 5,000 au 10,000 ndipo mita kadhaa za piti hupatikana. Ukame wa karne chache, au mfereji mmoja mrefu, huivunja hesabu hiyo. Dimbwi lenye majani yanayooza utalikuta popote. Mahali ambapo hesabu hiyo haikuvunjika kwa milenia ni pachache.

Katika nchi za baridi, fundi mkuu wa kazi hii ni sfagnamu, mmea mdogo usio na mizizi wala maua, unaoota kwa kubanana kama zulia. Seli zake nyingi zimekufa na ni tupu, zina vitundu, na huvuta maji mithili ya sifongo. Mmea mkavu huweza kubeba maji yenye uzito wa mara 20 hivi ya uzito wake. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ulikusanywa kwa wingi Uingereza na kutumiwa kufungia majeraha, kwa sababu hiyo na kwa sababu ya tindikali yake. Sfagnamu hunasa madini machache yaliyomo majini na kuachia tindikali badala yake, na kwa namna hiyo huyageuza maji yanayoizunguka yawe makali na maskini wa rutuba, kiasi kwamba mimea mingi inayoweza kushindana nayo hushindwa kuishi hapo. Kwa maneno mengine, mmea huu hujenga makazi yake wenyewe.

Kinamasi kilichokomaa cha aina hii hakitegemei tena mto wala chemchemi. Kinaishi kwa mvua peke yake, na katikati yake huinuka kama mgongo wa kobe, mita kadhaa juu ya ardhi inayokizunguka. Sasa fikiria mtaro uliochimbwa pembezoni, nje ya mpaka wa hifadhi. Maji ya ukingoni hutiririka kwenda mtaroni, ukingo husinyaa na kutitia, mteremko unakuwa mkali zaidi, na maji ya katikati yanaanza kuondoka kwa kasi ambayo hayakuwahi kuwa nayo. Katika kinamasi cha Clara, nchini Ireland, barabara ya zamani iliyokatiza katikati pamoja na mitaro yake ilisababisha ardhi ya pande zote mbili kudidimia kwa mita kadhaa. Uchimbaji wa ukingoni nao uliendelea kukikausha kinamasi kilekile hata baada ya sehemu yake ya kati kuwa hifadhi. Ndiyo maana sheria zenye busara huvuka mpaka uliochorwa kwenye ramani na kufuata mpaka wa maji.

Kwa hiyo, ukiniuliza kinacholindwa ni nini, jibu langu ni moja: ni kiwango cha maji. Vingine vyote ulivyovitaja, mimea, wanyama, udongo na kaboni, vimeshikiliwa na hicho.

Kereng'ende

Namuunga mkono Mpima Kina, ila ningependa kuliweka sawa neno "adimu", maana watu hulitumia kwa maana mbili na kubishana bure. Piti kwa jumla inafunika asilimia 3 hivi ya nchi kavu ya dunia. Iko Siberia na Kanada kwa eneo kubwa sana, iko Borneo na Sumatra chini ya misitu, iko katika bonde la Amazon, na iko hata kwenye miinuko ya milima ya Rwenzori, ambako mabonde yenye maji yamejaa sfagnamu na mafungu ya majani magumu ya jamii ya Carex ambayo mpandaji hulazimika kuyarukia moja baada ya jingine ili asizame. Kwa kuhesabu kilomita za mraba, basi, mtu anaweza kusema kwamba piti ni nyingi.

Kilicho adimu ni kinamasi kilicho hai, yaani kile ambacho bado kinajenga piti. Ujerumani zaidi ya asilimia 90 ya ardhi ya piti imekaushwa. Uingereza, ule mgongo wa kobe aliousimulia mwenzangu, ule wa nyanda za chini, umepotea kwa zaidi ya asilimia 90. Ndiyo sababu Umoja wa Ulaya, katika Maagizo ya Makazi ya mwaka 1992, uliyaweka makazi ya aina hii katika kundi la kipaumbele, pale tu yanapokuwa bado hai. Neno "hai" limeandikwa kwenye sheria yenyewe, na nadhani ni neno lililochaguliwa kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu piti iliyokauka inaweza kuwa bado ipo ardhini, ina kina kizuri kwenye vipimo, na huku inaisha mwaka baada ya mwaka.

Kuhusu viumbe, naomba usizihukumu picha. Idadi ya aina za viumbe katika kinamasi cha piti ni ndogo ukiilinganisha na msitu wa mvua, lakini waliopo wengi hawana pengine pa kwenda. Ukiinama hadi magoti yakalowa, utaona Drosera, mmea ambao wote kwa pamoja hauzidi upana wa kiganja. Majani yake yana vinyweleo vyekundu, na kila kinyweleo kina tone linalometameta kama umande. Mdudu akitua hunata. Vinyweleo vya jirani vinainama polepole kumwelekea, na baada ya siku chache hubaki maganda yake tu. Mmea huu umelazimika kula nyama kwa sababu maji ya kinamasi karibu hayana naitrojeni. Ukimwaga mbolea hapo, au mbolea ikifika kwa kupeperushwa kutoka mashambani, mimea ya kawaida huingia na Drosera hufunikwa na kivuli ikafa. Rutuba, ambayo mahali pengine ni neema, hapo ni sumu. Wapo pia kereng'ende ambao lava wao hukua tu katika madimbwi yale meusi, na ndege wa jamii ya sululu wanaotaga kwenye uwanda wazi kwa sababu kwenye uwanda wazi humwona adui akiwa mbali.

Mkataba wa Ramsar, uliotiwa saini nchini Iran tarehe 2 Februari 1971, uliitaja ardhi ya piti kwa jina katika kifungu chake cha kwanza kabisa kinachofafanua ardhioevu ni nini. Kwa miaka mingi, hata hivyo, orodha ya maeneo yaliyoteuliwa ilielemea upande wa ndege wa majini, na vinamasi vya piti vikabaki nyuma. Mwaka 2002 ndipo nchi wanachama zilipokubaliana juu ya mwongozo wa pamoja wa kuvishughulikia.

Mzee wa Tabaka

Wenzangu wamegusa kila kitu isipokuwa moto, nami nadhani bila moto mtu hawezi kuelewa ukali wa sheria.

Piti iliyolowa ni maji kwa asilimia 90 hivi ya uzito wake. Piti iliyokauka ni kuni. Kwa kweli watu wa kaskazini mwa Ulaya wameichimba kwa majembe, wakaianika na kuiwasha jikoni kwa karne nyingi, na baadaye ikachomwa katika vituo vya kuzalisha umeme. Sasa, ukikausha uwanda mzima, umetandaza kuni hizo kwa kina cha mita kadhaa juu ya maelfu ya hekta, na unachosubiri ni cheche tu. Moto wa piti hauna ndimi za kutisha. Unatambaa chini kwa chini, unafuka moshi mzito, na unaweza kuendelea kwa miezi hata baada ya watu kudhani umezimika. Helikopta ikimwaga maji juu yake hulowesha uso tu, huku chini ukiendelea kula. Aghalabu kinachouzima kabisa ni mvua ya msimu au kupandisha maji ya ardhini.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Kalimantan ya Kati, upande wa Indonesia wa kisiwa cha Borneo. Katikati ya miaka ya 1990, serikali ya wakati ule iliamua kugeuza takriban hekta milioni 1 za msitu wa piti kuwa mashamba ya mpunga. Zikachimbwa kilomita elfu kadhaa za mifereji. Mpunga ulishindwa, kwa kuwa ardhi yenye tindikali na isiyo na rutuba haikuwa ya mpunga tangu mwanzo, lakini mifereji ilifanya kazi yake vizuri sana. Ukame wa El Niño ulipofika mwaka 1997, piti ile iliyokaushwa ikawaka. Wanasayansi waliopima kina kilichoungua walikadiria kwamba moto wa piti na mimea katika Indonesia mwaka ule ulitoa kaboni ya kati ya tani bilioni 0.81 na 2.57, sawa na asilimia 13 hadi 40 ya kaboni iliyotolewa na mafuta, gesi na makaa ya mawe ya dunia nzima kwa mwaka. Moshi ulivuka mipaka ya nchi na kuwafikia mamilioni ya watu ambao hawakuwa na habari yoyote ya mradi ule. Mwaka 2015 ukarudi tena, na mwaka uliofuata Indonesia ikaunda wakala wake wa kurejesha ardhi ya piti. Urusi nayo ilikumbana na moshi kama huo kuzunguka Moscow mwaka 2010, kutokana na ardhi ya piti iliyokaushwa miongo mingi kabla.

Hata pasipo moto, kukausha ni kuchoma polepole. Uingereza, katika eneo la Holme Fen, nguzo ya chuma ilipigiliwa ardhini mwaka 1851 hadi ncha yake ikawa sawa na uso wa ardhi, ili watu wapime ardhi itashuka kiasi gani baada ya ziwa la jirani kukaushwa. Leo ncha ile iko mita 4 hivi juu ya vichwa vya nyasi. Nguzo haikupanda. Ardhi ndiyo iliyoondoka. Sehemu yake ilisinyaa kwa kupoteza maji, na sehemu nyingine iligeuka hewa ukaa.

Ndugu Mdadisi, uliuliza kama kaboni ndiyo inayolindwa. Asilimia 3 ile ya nchi kavu imehifadhi kaboni nyingi kuliko iliyomo katika miti na mimea ya misitu yote ya dunia ikijumlishwa. Sisemi kwamba Drosera na kereng'ende ni vitu vidogo. Ninachosema ni kwamba hata mtu asiyejali kiumbe chochote cha kinamasini ana sababu ya kutaka maji yake yabaki palepale.

Mdadisi wa Mazingira

Nawashukuru wote kwa moyo mkunjufu. Nimesoma mara mbili na nimeelewa mengi. Bado nina mambo mawili. La kwanza ni methani: nimesoma kwamba vinamasi hutoa gesi hiyo, nayo ina nguvu kubwa ya kupasha joto kuliko hewa ukaa. Je, tukivilowesha tena si tunaongeza tatizo? La pili ni ile miti iliyokatwa na wahifadhi, ambayo bado hamjaielezea.

Kereng'ende

Methani ni kweli, na anayeificha hawatendei haki wasomaji. Kinamasi kilichojaa maji hutoa methani, na kinapoloweshwa upya kiwango chake huweza kupanda kwa miaka ya mwanzo. Lakini methani hudumu angani kwa muongo mmoja hivi kisha huvunjika, wakati hewa ukaa inayotolewa na piti iliyokaushwa hulundikana kwa karne nyingi na haikomi mpaka piti iishe au maji yarudi. Anayesubiri kwa kuogopa methani anaendelea kulipa deni kubwa ili kukwepa dogo.

Kuhusu miti, habari yake iko kaskazini mwa Scotland, katika eneo linaloitwa Flow Country, ambako kinamasi kimetanda juu ya vilima na mabonde kama blanketi lililotandikwa, kwa takriban kilomita za mraba 4,000. Katika miaka ya 1980, utaratibu wa kodi uliwafanya watu matajiri wapate faida kwa kupanda misonobari mahali popote, nao wakaipanda kinamasini. Ardhi ililimwa kwa matuta na mitaro, miti ikanyonya maji, kivuli kikaua sfagnamu, na ndege wa uwanda wazi wakakimbia hata sehemu zilizokuwa jirani na mashamba ya miti, kwa sababu miti ilikuwa maficho ya wanyama wanaowawinda. Malalamiko yakawa makubwa, na mwaka 1988 nafuu ile ya kodi ikafutwa. Tangu hapo wahifadhi wamekuwa wakikata miti, wakiziba mitaro kwa piti na magogo na kusawazisha matuta, hekta baada ya hekta. Julai 2024 eneo hilo liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mti uliopandwa pale hukusanya kaboni kwa miaka 40 au 60, lakini chini ya mizizi yake unaachia kaboni iliyokusanywa kwa maelfu ya miaka. Ni jambo gumu kulieleza kwa umma uliozoea kuambiwa kwamba kupanda mti ni wema siku zote, nami nawaheshimu waliojitokeza kulieleza.

Mwana wa Bondeni

Naomba kuongeza sauti ambayo sijaisikia hapa. Nakubaliana na sayansi yote mliyoieleza. Lakini vinamasi hivi vina watu. Kuna familia ambazo babu na bibi zao walikata piti kwa mikono ili wapate moto wa kupikia, zikachukua kidogo na kuacha kingi. Kisha zikaja mashine zinazokwangua uwanda mzima kwa ajili ya viwanda na kwa ajili ya udongo wa kupandia maua kwenye vyungu, na sheria ilipofika mwishoni, ikamfunga mikono mkataji wa jembe sawa na mwenye mashine. Nchini Ireland kampuni ya umma ya piti, Bord na Móna, ilitangaza Januari 2021 kwamba imekomesha kabisa uvunaji wake. Uamuzi ulikuwa wa lazima, lakini vipo vijiji ambavyo vilikuwa vimeishi kwa ajira hiyo tangu miaka ya 1940, na swali la watoto wao wafanye kazi gani ni sehemu ya uhifadhi, si kitu cha kando.

Katika Bonde la Kongo jambo hili ni zito zaidi. Mwaka 2017 ndipo ramani ya kwanza ya piti ya katikati ya bonde hilo ilipochapishwa: kilomita za mraba zipatazo 145,500, zenye kaboni ya tani bilioni 30 hivi, chini ya misitu ya majimaji wanamoishi sokwe na tembo wa msituni. Wenyeji wavuvi na wawindaji walikuwa wakiijua ardhi ile siku zote, na ni kwa kutembea nao ndipo watafiti walipofika. Piti ile imebaki salama kwa sababu watu wale hawakuikausha. Mwaka 2018 Kongo zote mbili pamoja na Indonesia zilitia saini Azimio la Brazzaville la kuilinda. Mwaka 2022 serikali ya Kinshasa ikanadi vitalu vya mafuta, baadhi yake vikiwa ndani ya ardhi hiyohiyo. Mwenye kutaka piti ile ibaki chini ya maji hana budi kuzungumza pia juu ya nani anayelipwa, na nani anayeulizwa kwanza.

Mzee wa Tabaka

Mwana wa Bondeni, umesema kweli tupu, na sina la kupinga. Naongeza jambo moja kuhusu Kongo kwa sababu linahusiana na unalolisema. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya miaka ipatayo 5,000 na 2,000 iliyopita hali ya hewa ya bonde lile ilikauka, na tabaka kubwa la piti likaoza likapotea. Hakukuwa na mfereji wala mashine. Ulikuwa ukame tu. Hiyo inatuonyesha kwamba piti ile inaishi karibu sana na ukingo wa kile inachoweza kustahimili, na haina nafasi ya kubeba mifereji yetu juu ya ukame unaoweza kuja.

Kuhusu riziki, ipo njia inayojaribiwa, ya kulima kinamasi kikiwa kimelowa: matete na mafunjo kwa ajili ya kuezekea na vifaa vya ujenzi, na sfagnamu yenyewe kwa ajili ya udongo wa vyungu badala ya piti iliyochimbwa. Ujerumani ina mashamba ya majaribio. Mapato yake hayajafikia ya kilimo cha kawaida, na bila kumlipa mkulima kwa maji anayoyatunza sidhani kama yataenea. Lakini angalau ni njia inayomwacha mtu kwenye ardhi yake.

Mpima Kina

Limebaki swali la tatu la Ndugu Mdadisi, la kwa nini kinamasi kisiachwe kijirudie. Kwanza, mtaro haujizibi wenyewe. Utaendelea kunyonya maji hata miaka 100 baada ya aliyeuchimba kuondoka. Pili, piti ikikauka hasa hupasuka na kusinyaa, na uso wake huanza kuyakataa maji: mvua inanyesha, matone yanateleza juu yake kama juu ya nta, yanaingia mtaroni na kuondoka. Vichaka vinaota juu ya uso huo mkavu na kunyonya maji zaidi. Kwa hiyo kinamasi kilichoumizwa huendelea kuumia hata kama hakuna anayekigusa.

Mtu akikisaidia, mambo hubadilika upesi kuliko unavyodhani. Mtaro huzibwa kwa vizuizi vya piti kila baada ya mita chache, kwa kufuata mteremko, kwa sababu kizuizi kimoja kikubwa chini ya bonde hubomoka. Vipande vya sfagnamu hutawanywa juu ya ardhi tupu na kufunikwa kwa majani makavu ili visiungue na jua. Ndani ya miaka michache zulia la kijani huanza kuungana. Piti iliyopotea ni habari nyingine. Mita 1 iliyoondoka itachukua miaka 1,000 kurudi, kama itarudi.

Jinsi ya kujua kama kazi imefaulu ni rahisi, na ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Unachukua bomba la plastiki lenye matundu ubavuni, unalichomeka wima kwenye piti hadi lifike udongo wa chini, kisha unaliacha. Unarudi kila baada ya wiki mbili na utepe wa kupimia. Mahali pa kwanza nilipofanya kazi hiyo, kabla ya mitaro kuzibwa, utepe ulishuka sentimita 60 katika miezi ya joto kabla ya kugusa maji. Kiangazi cha pili baada ya kuziba, niliinama juu ya bomba lilelile, nikaona maji yapo sentimita 8 tu chini ya ukingo wa ardhi, na kando ya bomba palikuwa na Drosera moja changa, yenye majani matatu.

Mdadisi wa Mazingira

Ahsante, Mpima Kina, na ahsanteni nyote. Naomba nielekezwe bomba hilo lichomekwe umbali gani kutoka mtaroni, na yanahitajika mabomba mangapi kwa hekta moja. Kuna eneo nimeombwa kusaidia kulitathmini, na ningependa kuanza na vipimo vya maji kabla ya kuhesabu mimea.

Mpima Kina

Usiweke bomba moja. Weka mstari wa mabomba unaotoka mtaroni kwenda katikati: la kwanza mita 1 kutoka ukingo, kisha mita 5, 10, 20 na 50, kwa sababu unachotaka kuona ni mtaro huo unanyonya hadi wapi. Mstari mmoja kwa kila mtaro mkubwa unatosha kwa kuanzia, hata ukivuka hekta kadhaa. Anza kupima angalau mwaka mzima kabla ya kuziba chochote, masika na kiangazi, ili uwe na cha kulinganisha. Na kila bomba ulifunge kifuniko, maana vyura huingia wakashindwa kutoka.